Mtoto wa Ufini na Leseni ya Udereva

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, hivi karibuni tuliketi na askari mmoja wa usalama barabarani, koplo wa miaka mingi kazini, akatusimulia jambo lililomkera moyo. Jioni moja alisimamisha motokaa kubwa ambayo kwa mbali ilionekana kana kwamba haina dereva. Alipoikaribia akamkuta mtoto wa kiume, umri wake haupiti miaka 13, amekalia mto wa kitanda ili apate kuona mbele. Kando yake aliketi mjomba wake, anacheka. Koplo alipodai leseni, yule bwana hakutia mkono mfukoni kutafuta karatasi. Alitoa simu, akamwonyesha filamu fupi ya mtoto wa Kizungu wa miaka minane aendeshaye motokaa kwa mwendo wa kutisha, akiigeuza ubavu huku na huku kana kwamba ni kigari cha kuchezea. "Huyu baadaye alikuwa bingwa wa dunia," akasema yule bwana. "Ninyi polisi ndio mnaoua vipaji vya watoto wetu." Muda si muda simu ya koplo mwenyewe ikalia, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa mtu mkubwa. Motokaa ikaondoka. Koplo akabaki kando ya barabara na kitabu chake mkononi.

Motokaa hiyo sisi hatukuiona. Lakini filamu tumeiona, kama walivyoiona mamilioni ya watu ulimwenguni, na habari za mtoto yule tumezifuatilia kwa miaka kadhaa. Hivyo twapenda kumjibu yule bwana, wala si kwa ghadhabu, bali kwa ushahidi ule ule alioutoa mwenyewe. Filamu yake ni ya kweli. Maelezo aliyoyatia juu yake ndiyo ya uongo.

Mtoto huyo ni Kalle Rovanperä, aliyezaliwa tarehe 1 Oktoba 2000 katika mji wa Jyväskylä, katikati ya Ufini. Wafini ni taifa dogo, hawafiki milioni sita, nao wamejaa katika orodha ya mabingwa wa mbio za motokaa kuliko mataifa mengi yawazidiyo kwa watu na kwa mali. Wasomaji wetu wenye umri hawana haja ya kuambiwa haya. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi wenyeji waliamini kwamba hakuna mgeni awezaye kuyashinda matope na mashimo yetu. Aliyeivunja imani hiyo mwaka 1972 alikuwa Mfini, Hannu Mikkola. Baada yake wakaja Wafini wengine: Ari Vatanen mwaka 1983, Juha Kankkunen mara tatu, Tommi Mäkinen mara mbili. Huku kwetu tulikuwa na wetu wa kujibia, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyelitwaa kombe hilo mara tano, na hadi leo wapo wazee wanaobishana kama angezaliwa Ufini angefika wapi. Mabishano hayo tutayaacha.

Babaye Kalle, Harri Rovanperä, alikuwa mmoja wa kundi hilo. Alishinda mashindano ya Uswidi mwaka 2001, na mwaka 2002 alikuja Kenya katika Safari akamaliza wa pili, nyuma ya Mskoti Colin McRae. Msomaji alihifadhi jina hilo la McRae, maana litarudi.

Basi hii ndiyo nyumba aliyozaliwa mtoto yule. Na hapa hatuna budi kusema wazi jambo ambalo wapenda sifa hulificha. Mtoto huyu hakutoka katika ufukara. Baba alikuwa na ujuzi, alikuwa na motokaa, alikuwa na marafiki katika makampuni, na kila mlango ambao mtoto wa mtu mwingine angeugonga miaka kumi, kwake ulikuwa umeachwa wazi nusu. Anayewaambia vijana wa kambini kwamba Rovanperä alifika pale kwa bidii tu, anawadanganya. Bidii ilikuwapo, tena nyingi. Lakini ilipandwa katika udongo uliokwisha kulimwa.

Sasa tuiangalie ile filamu. Mtoto yule aendesha wapi? Sehemu moja ni juu ya ziwa lililoganda. Katika nchi ile majira ya baridi huyageuza maziwa kuwa uwanja mgumu, wenye nafasi ya kuteleza mita mia bila kugonga mti wala mtu. Motokaa ni Toyota Starlet ndogo, ya kizamani, yenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma, yaani motokaa inayomwadhibu dereva mara moja akikosea. Hakuna mwenye baiskeli. Hakuna mama aliyebeba mtungi. Hakuna mtoto wa shule anayevuka. Kama mtoto angekosea, ambaye angeumia ni yeye mwenyewe na bati la Starlet, na hata hilo babaye, mtu aliyekula mkate wake katika kazi hiyo, alikuwa amelipima.

Yule bwana mwenye mto wa kitanda aliona mtoto na usukani, akaishia hapo. Hakuliona ziwa.

Lakini jambo ambalo kwa maoni yetu linawahusu askari kuliko mengine yote lilitokea baadaye, kijana alipofikisha miaka 14 na kuanza kushindana na watu wazima. Ili tuelewane yatupasa kwanza kueleza jinsi mashindano ya rali yanavyokwenda, maana wengi huyafananisha na yale ya kuzunguka uwanja. Rali ina barabara za aina mbili. Ziko sehemu zilizofungwa, ambako serikali imewaondoa watu na magari mengine, na huko kila dereva huondoka peke yake na kushindana na saa. Kisha ziko barabara za kuunganisha sehemu hizo, na hizi ni barabara za watu wote: kuna mabasi, kuna taa nyekundu, kuna polisi. Huko motokaa ya mashindano ni motokaa kama nyingine. Dereva akipita kiasi cha mwendo huandikiwa faini kama mchuuzi wa nyanya mwenye pikapu, na waamuzi wa mashindano nao humwadhibu juu yake. Ndiyo maana dereva wa rali hutakiwa kuwa na leseni ya kawaida ya serikali, ile ile mnayoidai ninyi kila siku.

Sasa kijana wa miaka 14 atafanya nini? Katika Ufini sheria ilitaka miaka 18. Kalle na baba yake walikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kungoja miaka minne. Ya pili ni ile mnayoifahamu, ya kumpigia simu mtu mkubwa. Walichagua ya tatu, nayo ilikuwa ndefu na yenye gharama: walitafuta nchi ambayo kanuni zake za mashindano ziliruhusu jambo hilo kwa uwazi. Nchi hiyo ilikuwa Latvia, ng'ambo ya bahari ya Baltiki. Huko kijana aliruhusiwa kushika usukani katika sehemu zilizofungwa, mradi katika barabara za watu wote aendeshe mtu mzima mwenye leseni.

Mtu mzima huyo alikuwa Risto Pietiläinen. Twaomba msomaji alitazame jina hili kwa heshima, ingawa magazeti ya michezo hulipita mbio. Pietiläinen ndiye aliyeketi kando ya Harri, baba wa kijana, siku ile ya ushindi wa Uswidi mwaka 2001. Kazi yake ni ile ya mwelekezi. Mwelekezi hushika daftari lenye noti za barabara nzima, na humsomea dereva kila kona kabla haijaonekana: inageukia wapi, ni kali kiasi gani, mbele yake kuna kilima au jiwe, ikatwe au isikatwe. Dereva huendesha kwa masikio kabla ya kuendesha kwa macho. Akiacha kumwamini mwelekezi wake kwa nukta moja, hupunguza mwendo na kushindwa. Akimwamini mwelekezi mbaya, huenda mtini.

Ninyi mliokaa vikosini mwaijua picha hii. Huja luteni kijana kutoka chuoni, nyota zake bado zinang'aa, elimu anayo na ujasiri anao, na kando yake anawekwa sajini mwenye mvi ambaye amekwisha kutembea njia hiyo katika mvua na katika kiangazi. Kwa cheo, luteni ndiye anayeamuru. Lakini luteni mwenye akili hutega sikio sajini anapokohoa. Tumewaona maofisa wa namna hiyo wakikua, na tumewaona pia wale waliomwambia sajini anyamaze. Wa namna ya pili hatutawaeleza hapa, kwa sababu baadhi yao wamezikwa na watu wengine.

Harri Rovanperä angeweza kumweka mwanawe pamoja na rafiki wa rika lake, wakacheka na kupiga picha. Alimweka chini ya mzee. Na mzee huyo hakusoma noti tu. Kila sehemu ya mbio ilipokwisha, alichukua usukani, akaipeleka motokaa taratibu hadi mwanzo wa sehemu ifuatayo, akisimama kwenye taa, akiwapisha waendao kwa miguu. Ndivyo walivyofanya msimu baada ya msimu. Kijana ambaye dakika kumi zilizotangulia alikuwa amewashinda wanaume wa miaka 30 aligeuka kuwa abiria. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Latvia nzima, na mwaka 2017 tena. Alikuwa bingwa wa taifa la watu wazima, lakini hakuwa na ruhusa ya kuendesha motokaa kwenda dukani kununua mkate, wala hakuendesha.

Yuko atakayesema: lakini kwao pia sheria ililegezwa. Ni kweli, nasi hatutaki kulikwepa swali hilo. Alipotimiza miaka 17, Oktoba 2017, mamlaka ya usafiri ya Ufini ilimpa kibali maalumu cha kupata leseni mwaka mmoja kabla ya umri wa sheria, na mwezi ule ule akaanza mashindano ya dunia huko Wales. Mwezi uliofuata, nchini Australia, akapata pointi yake ya kwanza. Je, hilo si pendeleo?

Sisi twaona kuna tofauti kubwa baina ya pendeleo na kibali, na askari ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kuitambua, kwa sababu yeye ndiye anayeumizwa wakati mambo hayo mawili yanapochanganywa. Kibali huombwa kwa maandishi. Kina jina la aliyeomba, sababu aliyoitoa, jina la ofisi iliyotoa, na tarehe. Mlango wa kukiomba uliandikwa katika sheria yenyewe, na vijana wengine wa Ufini wenye sababu maalumu waliupitia, bila kuwa wana wa madereva mashuhuri. Aliyepewa bado alipaswa kufanya mtihani wa udereva na kufaulu. Siku polisi wa Ufini alipomsimamisha kijana yule, kijana alikuwa na karatasi ya kumwonyesha, na polisi alibaki na heshima yake. Pendeleo halina karatasi. Lina sauti tu kwenye simu, na sauti hiyo kesho itakana kwamba iliwahi kusema. Ajali ikitokea, jina litakaloandikwa katika jalada ni la koplo aliyeiachia motokaa ipite.

Mfano mwingine wa Wafini hao hao unafaa kutajwa hapa kwa ufupi. Kimi Räikkönen alipotaka kuingia katika mbio kubwa za Formula 1 mwaka 2001, alikuwa ameshindana kwa motokaa mara 23 tu maishani mwake, na Max Mosley, aliyekuwa rais wa shirikisho la mchezo huo, alieleza wazi wasiwasi wake juu ya kumpa leseni kijana asiye na uzoefu. Leseni ilitolewa baada ya mwenye timu, Peter Sauber, kumdhamini kijana huyo mbele ya wakubwa hao. Kijana alimaliza wa sita katika shindano lake la kwanza mjini Melbourne. Twamtaja kwa sababu moja: waliotia shaka waliruhusiwa kutia shaka hadharani, na aliyemdhamini aliweka jina lake hadharani. Kama kijana angeua mtu, dunia ingejua nani wa kuulizwa.

Turudi kwa Rovanperä, maana huenda msomaji anadhani baada ya kupata leseni aliruka moja kwa moja hadi kileleni. La hasha. Mwaka 2018 na 2019 aliwekwa katika daraja la pili la mashindano ya dunia, akiendesha Škoda ndogo kuliko zile za wakubwa, pamoja na mwelekezi mpya, Jonne Halttunen. Uwezo wa kwenda juu alikuwa nao. Kila mtu aliuona. Lakini waliomsimamia hawakumtoa hadi alipolitwaa daraja hilo mwaka 2019. Ndipo Tommi Mäkinen, yule mshindi wa Safari, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa timu ya Toyota, akampa motokaa ya daraja la juu mwaka 2020. Katika shindano lake la pili tu, nchini Uswidi, akamaliza wa tatu, naye ana miaka 19.

Sisi twaupenda zaidi mwaka uliofuata, kwa kuwa ulikuwa mchungu. Mwanzoni mwa 2021 kijana alimaliza wa pili katika barafu ya kaskazini ya Ufini, akashika uongozi wa mashindano ya dunia, mtu mdogo kuliko wote waliopata kuushika. Magazeti yakaanza kumvika taji. Shindano lililofuata lilikuwa Kroatia, mwezi wa Aprili. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya mbio, kabla jasho halijatoka, akatoka nje ya barabara, motokaa ikatumbukia miongoni mwa miti, uongozi ukapotea. Baada ya hapo mambo yakaendelea kwenda kombo. Mwezi wa Juni alikuja Kenya, katika Safari iliyorudi kwenye mashindano ya dunia baada ya miaka 19, tangu ule mwaka baba yake alipomaliza wa pili. Alikuwa miongoni mwa waliokuwa mbele. Siku ya Ijumaa, karibu na Naivasha, akaingia katika lile vumbi laini kama unga, ambalo mtu wa Bonde la Ufa hulijua tangu utoto na mgeni hulidharau, na motokaa yenye thamani ya fedha nyingi sana ikazama hadi tumboni, ikakwama. Siku yake ikaishia pale.

Tuliwasikia watu wakicheka. Walisema hawa ndio watoto wanaosukumwa kabla ya wakati. Hata sisi, tukiri, tulidhani huenda ni kweli.

Wakubwa wake walifanya nini? Mkuu wa timu wakati huo alikuwa Jari-Matti Latvala, Mfini mwingine, naye ndiye aliyekuwa na rekodi ya kuwa mshindi mdogo kuliko wote, aliyoiweka mwaka 2008 akiwa na miaka 22. Yaani kijana huyu alikuwa akiikimbilia rekodi ya bosi wake mwenyewe. Katika vikosi vingi tunavyovijua, hapo ndipo jina la kijana lingeandikwa katika orodha ya uhamisho. Latvala alimwacha kwenye usukani. Wiki tatu baadaye, tarehe 18 Julai 2021, katika Estonia, Kalle Rovanperä alishinda, ana miaka 20, na rekodi ya Latvala ikafa mbele ya macho ya Latvala.

Mwaka 2022 alirudi Naivasha. Safari hii aliliheshimu lile vumbi. Na mvua iliponyesha na kuligeuza kuwa utelezi wa matope, aliyaheshimu matope vilevile. Hakuwa na haraka mahali ambapo haraka haikuwa na faida. Alishinda, na motokaa tatu za timu yake zikamfuata, ya pili, ya tatu na ya nne. Ilikuwa miaka 20 kamili tangu baba yake amalize nyuma ya McRae katika mashindano yale yale.

Tarehe 2 Oktoba mwaka huo, nchini New Zealand, akawa bingwa wa dunia. Alikuwa na miaka 22 na siku moja. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya miaka 27, iliyowekwa mwaka 1995, na mwenyewe alikuwa Colin McRae, ambaye hakuwapo kuishuhudia, kwani alifariki katika ajali ya helikopta mwaka 2007. Mwaka 2023 Rovanperä alilichukua taji tena, na mwaka 2025 akatangaza kwamba anaiacha rali kwa mbio za aina nyingine.

Hayo ndiyo yaliyofuata ile filamu aliyoonyeshwa koplo wetu. Kati ya mtoto wa miaka minane na taji la dunia imo miaka 14, na katika miaka hiyo hatuoni hata siku moja ambayo askari wa barabarani aliombwa afumbe macho. Wala hatusemi kwamba vipaji vya watoto wetu vizimwe. Wako wana wa askari, hasa wale waliokulia katika karakana za kambi, wanaoweza kuifungua injini ya lori na kuirudisha kabla hawajaota ndevu, na inasikitisha kwamba hawana pa kuupeleka ujuzi wao. Mwenye fedha za kununua motokaa kubwa na kumpa mpwa wake aiendeshe katikati ya watu, angeweza kwa fedha hizo hizo kukodi uwanja uliozungushwa ua, kununua motokaa kuukuu, na kumwajiri dereva mstaafu wa jeshi amfundishe mtoto kila Jumamosi. Madereva wa namna hiyo wapo, na wengi wao wanakaa majumbani bila kazi. Serikali nazo zina viwanja vya ndege vya zamani vilivyoota nyasi. Twatamani kuona siku moja mkuu wa kikosi akiandika barua ya kuomba kimoja, na barua hiyo ikajibiwa.

Tulipoonana tena na yule koplo tulimweleza habari hizi zote, kuanzia ziwani hadi New Zealand. Alisikiliza kwa uvumilivu, ingawa zile za vikombe hazikumshughulisha sana. Alituuliza swali moja tu. Kule Latvia, mtoto alipomaliza sehemu yake na kufika kwenye barabara ya watu wote, aliketi wapi?

Tukamwambia kwamba alisimamisha motokaa, akashuka, akazunguka upande wa pili na kuketi kiti cha abiria, akafunga mkanda, na mzee akaendesha.

Koplo akatikisa kichwa, akatuomba tumwandikie jina la mzee huyo kwenye kipande cha karatasi. Tukamwandikia.